Padre Aliyesubiri Habari za Mwanzo wa Ulimwengu



Leo nataka kuwasimulia maisha ya padre aliyefariki mwaka 1966, mimi na wewe hatujazaliwa. Ila naomba nianzie Krismasi ya 2021, nyumbani kwetu Rulenge, wilayani Ngara, maana siku hiyo nilimhitaji sana padre huyu na nilikuwa simjui.

Mimi nafanya kazi Biharamulo mjini. Krismasi ile nilipanda gari hadi Lusahunga, nikaunganisha kuelekea Ngara, nikafika nyumbani jioni ya mkesha. Asubuhi tukajiandaa kwenda Misa, wote isipokuwa mdogo wangu. Alikuwa kidato cha sita, anasoma fizikia, kemia na hisabati. Alimwambia mama kwa heshima kabisa kwamba yeye haendi, na kwamba hataki kuendelea kuigiza. Mama hakujibu. Baba, ambaye ni katekista, akachukua kitabu chake cha nyimbo akatangulia. Njia nzima hakuna aliyeongea. Na mnajua wenyewe, familia ya katekista ikipungua mtu siku ya Krismasi, watu wanahesabu.

Mchana tukala. Ilipofika saa tisa alasiri mdogo wangu akaniita chini ya mwembe, mahali ambapo mtandao unashika vizuri. Kwenye simu yake kulikuwa na roketi imesimama, Ariane 5, kule Kourou, Guyana ya Ufaransa. Saa tisa na dakika 20 kwa saa zetu ikaruka. Juu yake ilibeba darubini ya James Webb. Dakika kama 27 baadaye darubini ikaachana na roketi, ikakunjua paneli yake ya jua. Halafu akanionyesha jambo lililomfurahisha kuliko yote: mawasiliano ya kwanza ya kuituma amri darubini ile yalipangwa kupitia kituo cha Malindi, Kenya. Hapa hapa kwetu, alisema, Afrika Mashariki.

Mimi nikaona nimepata nafasi. Nikamwambia, basi unaona, wanasayansi wenyewe wanasema ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, ule mnaouita Big Bang. Kama una mwanzo, Mungu amethibitishwa. Kesho twende Misa.

Akaniangalia kwa huruma. Akaniuliza: wanasayansi wakibadilisha hesabu zao kesho, Mungu wangu atakuwa ameanguka? Nikakosa jibu. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alipokuwa mdogo, kwenye mafundisho, aliuliza umri wa ulimwengu, na mtu mzima aliyekuwa akifundisha akamwambia maswali hayo ni ya shetani. Watoto wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kitu kanisani.

Nilirudi Biharamulo moyo mzito. Nikaanza kusoma, na ndipo nikakutana na Padre Georges Lemaître.

Kijana wa vitani

Alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Tangu utotoni alitaka mambo mawili, upadre na sayansi, na hakuona sababu ya kuacha kimoja. Alianza kusomea uhandisi Leuven. Agosti 1914 Wajerumani wakaivamia nchi yake. Akiwa na miaka 20 akaacha masomo, akajiunga na jeshi. Alitumikia mpaka vita vikaisha, akapewa nishani ya ushujaa.

Vita hivyo vilifika mpaka kwetu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Biharamulo kuwafukuza Wajerumani. Boma la Wajerumani bado lipo, nalipita mara kwa mara. Kila nikilipita sasa namkumbuka kijana yule aliyekuwa kwenye vita hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema Mungu hayupo, ni aliyeona mahandaki yale. Yeye alitoka humo akamaliza shahada ya udaktari wa hisabati mwaka 1920, mwaka huo huo akaingia seminari. Septemba 1923 akapewa daraja ya upadre na Kardinali Mercier.

Hesabu zake

Baada ya upadrisho alikwenda Cambridge, Uingereza, kusoma chini ya Arthur Eddington, kisha Marekani, Harvard na MIT. Mwaka 1925 akarudi Leuven kufundisha, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote.

Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida lisilosomwa na wengi. Alisema ulimwengu unatanuka. Chukua unga wa maandazi uliotiwa hamira, uchomeke punje za zabibu kavu. Unga ukiumuka, kila punje inakaa mbali zaidi na mwenzake, ingawa hakuna punje inayotembea. Galaksi ziko hivyo. Iliyo mbali zaidi ndiyo inayoachana nasi kwa kasi zaidi, na Padre Lemaître alikadiria hata kiwango cha kasi hiyo, miaka miwili kabla ya Edwin Hubble kutoa chake.

Mwaka huo huo alikutana na Albert Einstein mjini Brussels. Einstein alikubali kwamba hesabu ziko sawa, ila wazo lenyewe alilikataa waziwazi. Hebu jiweke mahali pake: una miaka 33, na mwanasayansi mashuhuri kuliko wote duniani anakukatalia usoni. Lemaître hakugombana wala kukimbilia Biblia imtetee. Alirudi darasani. Mwaka 1931 akaenda mbali zaidi: kama ulimwengu unatanuka, basi ukirudi nyuma kabisa utakuta vyote vimebanana pamoja, kitu alichokiita atomu ya mwanzo. Katika miaka ile ya 1930 Einstein naye alikuwa ameshakubali kwamba ulimwengu unatanuka.

Kuna jambo lingine lililonigusa. Mwaka huo wa 1931 makala yake ya kwanza ilitafsiriwa kwa Kiingereza, lakini sehemu yenye kile kiwango cha kasi haikuwemo. Kwa miaka mingi watu walishuku kwamba kuna aliyemnyang'anya sifa. Baadaye ikajulikana kuwa aliyetafsiri ni yeye mwenyewe. Aliiondoa sehemu ile kwa sababu vipimo vipya vilikuwa vimeshapatikana, akaona vyake havina haja tena. Ni Oktoba 2018 tu ambapo wanaastronomia wa dunia walipiga kura, sheria ile ikaanza kuitwa ya Hubble na Lemaître.

Siku aliyosikitika

Sasa hapa ndipo aliponikamata mimi. Novemba 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba akionyesha kwamba sayansi mpya ya mwanzo wa ulimwengu inaunga mkono imani ya uumbaji. Ungedhani Padre Lemaître angefurahi, kazi yake inasifiwa na Baba Mtakatifu! Hakufurahi. Aliona ni hatari kuijenga imani juu ya nadharia, maana nadharia hupimwa, husahihishwa, na pengine huachwa. Hakwenda magazetini. Alizungumza kwa heshima na washauri wa Papa katika mambo ya sayansi. Septemba 1952 Papa alipohutubia wanaastronomia waliokutanika Roma, dai lile hakulirudia.

Nilipolisoma hilo nilifunga simu nikakaa kimya. Kosa nililolifanya chini ya mwembe ndilo hasa padre huyu alilikwepa maisha yake yote. Kwake kulikuwa na njia mbili za kuufikia ukweli, akaamua kuzipita zote mbili bila kuzichanganya. Kwenye hesabu alikuwa mwanahisabati kamili. Kwenye sala alikuwa padre kamili: alikuwa katika udugu wa mapadre uitwao Marafiki wa Yesu, na kila mwaka alifanya mafungo ya kimya. Mungu wake hakuwa jibu la kujazia pale hesabu zinapokwama.

Habari iliyochelewa

Kwa miaka mingi wapo waliomcheka, wakidhani nadharia yake ni katekesimu iliyovaa koti la sayansi. Hata jina la Big Bang lilitolewa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, mpinzani wa wazo lile.

Kisha, mwaka 1965, Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, wakatangaza kwamba antena yao inapokea mawimbi hafifu kutoka kila upande wa anga. Lilikuwa joto lililobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Padre Lemaître alikuwa mgonjwa. Rafiki na msaidizi wake, Odon Godart, ndiye aliyempelekea habari. Alifariki Leuven tarehe 20 Juni 1966. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 30.

Kutoka Malindi hadi kilomita milioni 1.5

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili 1967, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa nini pale? Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani tu. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Iliizunguka dunia kila dakika 96 hivi, kwenye kimo cha kilomita 500 na zaidi, na haikutoka zaidi ya nyuzi tatu kusini au kaskazini mwa ikweta. Angalia ramani: Ngara na Biharamulo ziko kati ya nyuzi mbili na tatu kusini. Yaani kila ilipotokea upande wa Kongo ikielekea Malindi, ilipita jirani na anga letu, mara nyingi kwa siku. Babu zetu walikuwa wakipalilia migomba chini yake.

Darubini zilizofuata zilitafuta lile joto la mwanzo lenyewe. COBE ilirushwa mwaka 1989, WMAP mwaka 2001, Planck mwaka 2009. Kwa kazi yao tunajua ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi.

Webb yenyewe haiizungusi dunia kama Uhuru. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, upande wa dunia usioelekea jua, mahali ambapo mvuto wa jua na wa dunia kwa pamoja unaiwezesha kwenda sambamba nasi kulizunguka jua kwa mwaka. Ilifika huko tarehe 24 Januari 2022, na inazunguka eneo hilo mara moja kwa miezi sita hivi. Sababu ya kwenda mbali ni joto. Mwanga wa galaksi za kwanza umenyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu hadi ukawa infraredi, ambayo ni sawa na joto. Darubini yenye joto ingejiona yenyewe. Kwa hiyo Webb ina kinga ya jua yenye tabaka tano, pana kama uwanja wa tenisi, na kioo chake cha mita 6.5 kinakaa kwenye baridi kali gizani. Imeshaona galaksi za wakati ulimwengu haujafikisha miaka milioni 300.

Padre Lemaître hakuona hata moja ya hizo. Alikuwa na karatasi, kalamu na mashine za kukokotoa.

Nilirudi nyumbani

Safari iliyofuata ya Rulenge nilimtafuta mdogo wangu usiku, umeme umekatika, nyota zimejaa. Kwanza nilimwomba radhi, kwa kumtupia Mungu kama karata ya ushindi. Nikamwomba radhi pia kwa lile swali lake la utotoni, ingawa si mimi niliyemjibu. Halafu nikamsimulia padre huyu, kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli padre alimpelekea Papa wasiwasi wake. Nikamwambia ndiyo. Akasema hakujua kwamba kanisani mtu anaweza kufanya hivyo.

Sitawadanganya, Jumapili iliyofuata hakuja Misa. Bado haji. Ila sasa ananipigia simu, ananiuliza mambo, na mimi nikiwa sijui nasema sijui. Baba naye ameanza kuwaacha watoto wa mafundisho waulize chochote dakika kumi za mwisho.

Wiki hii, kijana mwenzangu, soma Zaburi ya 19 nje, usiku, ukiangalia juu. Na kama una ndugu aliyeacha kuja, usimpelekee hoja. Mpelekee muda wako.

Tuombe: Ee Bwana, uliyeziumba mbingu na akili za kuzichunguza, utupe uvumilivu wa mtumishi wako Georges. Utufundishe kuuliza bila woga na kusubiri bila uchungu. Umkumbuke kila kijana aliyenyamazishwa alipokuja na swali. Amina.

Naomba mmuombee mdogo wangu.