Padre Aliyesoma Mawe Yaliyovunjika



Leo nawaalika tutafakari maisha ya padre mmoja wa Ufaransa, René-Just Haüy, ambaye wanasayansi humwita baba wa elimu ya fuwele. Fuwele ni jiwe lililojijenga lenyewe kwa nyuso laini na pembe zilizonyooka, bila kuchongwa na mtu. Punje ya chumvi jikoni kwako ni fuwele, na almasi ni fuwele.

Haüy alizaliwa mwaka 1743 katika mji mdogo wa Saint-Just, kaskazini mwa Paris. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, asiye na uwezo wa kumsomesha. Lakini mtoto alipenda kwenda kanisani kusikiliza watawa wa abasia ya jirani wakiimba sala, nao wakamtambua. Kwa msaada wao alifika Paris, akasoma, akapata daraja la upadre mwaka 1770 na kuwa mwalimu wa vijana.

Alikuwa na rafiki mkubwa, Padre Lhomond, aliyependa mimea. Ili wapate la kuzungumza matembezini, Haüy naye akajifunza mimea. Baadaye akahudhuria mafundisho ya madini, na hapo swali likamkaa moyoni: ikiwa ua la mmea wa aina moja lina umbo lile lile siku zote, kwa nini jiwe la aina moja lionekane kwa maumbo mengi?

Husimuliwa kwamba siku moja, akitazama mkusanyiko wa mawe wa rafiki yake, fuwele ya kalisaiti ilidondoka ikavunjika. Kalisaiti ndiyo madini yanayounda mawe ya chokaa na marumaru. Haüy aliinama kuokota vipande, akashangaa: fuwele ilikuwa ndefu kama nguzo ya pande sita, lakini kipande kilikuwa na umbo la kiboksi kilichosukumwa kikainama upande. Akarudi kwake, akachukua fuwele nyingine za kalisaiti, zenye sura tofauti kabisa, akazivunja moja moja. Zote zilitoa kiboksi kile kile kilichoinama, chenye pembe zile zile.

Akaelewa kwamba sura ya nje hubadilika, ila kiini ni kimoja. Mwaka 1784 alitoa kitabu akieleza kwamba kila fuwele imejengwa kwa vijiwe vidogo mno vyenye umbo moja, vilivyopangwa safu kwa safu kama matofali ya ukuta. Leo tunajua kwamba kinachojirudia ni mpangilio wa atomi. Miale ya eksirei ilianza kuuonyesha mwaka 1912. Lakini msingi wa utaratibu unaojirudia ulikuwa wake.

Kwa njia hiyo aliyapanga madini upya katika makundi yake. Zumaridi ni ya kijani kibichi na ghali. Berili ya kawaida huwa na rangi nyingine na thamani ndogo. Haüy alipima pembe zao akaona zinalingana, akahisi kuwa ni madini ya aina moja. Mwaka 1798 mkemia Vauquelin alithibitisha kuwa zimeundwa kwa vitu vile vile. Rangi ilikuwa imewadanganya watu.

Kisha ikafika zamu yake mwenyewe kupigwa nyundo. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwataka mapadre waape kiapo cha kuliweka Kanisa chini ya serikali. Haüy, mtu mpole asiyejua siasa, alikataa. Akapoteza kazi na kipato chake. Agosti 1792 alikamatwa akafungwa pamoja na mapadre wengine katika seminari ya Saint-Firmin. Huko aliomba aletewe fuwele zake, akaendelea kuzipanga.

Mwanafunzi kijana, Geoffroy Saint-Hilaire, alihangaika hadi akapata hati ya kumfungua. Ilipoletwa jioni, Haüy hakuwa na haraka. Alilala hapo hapo, na kesho yake ilibidi karibu kumvuta ili atoke. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, umati uliingia katika magereza ya Paris na kuua wafungwa. Mapadre wengi waliobaki Saint-Firmin waliuawa. Mwaka 1926 Papa Pius XI aliwatangaza wenye heri wafiadini 191 wa siku hizo.

Aliyeponea chupuchupu namna hiyo angeweza kunyamaza. Lakini mkemia mkuu Lavoisier alipofungwa, Haüy pamoja na mwenzake Borda waliandika kumtetea. Hawakufaulu, Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794.

Baadaye Haüy aliheshimiwa sana, akawa profesa wa madini Paris, kisha akanyang'anywa posho yake na kuzeeka kwa shida. Alifariki Juni 1822 baada ya kuanguka chumbani na kuvunjika mfupa wa paja. Hata kitandani aligawa muda wake kati ya sala na kitabu chake.

Wapendwa, utajiri ulipokuja na ulipoondoka, gerezani na chuoni, padre huyu alibaki na pembe zile zile. Bwana anatufundisha katika Luka 16:10 kwamba mwaminifu katika dogo ni mwaminifu pia katika kubwa. Uaminifu wa Haüy ulijengwa kama fuwele yake, siku juu ya siku, Misa juu ya Misa, somo juu ya somo. Siku ya kupasuliwa, kilichoonekana ni kile kilichokuwa kimepangwa ndani kwa miaka.

Nasi tutapigwa: ugonjwa, kufukuzwa kazi, ndoa kuyumba, kufiwa. Siku hiyo sare ya jumuiya na kiti cha mbele kanisani ni rangi tu. Wiki hii, kabla hujalala, jiulize: nikivunjika leo, walio karibu nami watakuta umbo gani?