Pelletier: mfamasia aliyechunguza manjano na kwinini

Manjano, au binzari kama wengine wanavyoiita, haikosekani katika mchuzi wetu. Wapo pia wanaoinywa na maziwa wakiumwa viungo. Leo tunamtazama Pierre Joseph Pelletier, mmoja wa watu wa kwanza kutafuta kilichomo ndani yake.

Pelletier alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1788. Baba yake alikuwa mfamasia, naye akafuata kazi hiyo hiyo. Alitaka kujua jambo moja: mmea unapotibu, ni kitu gani hasa ndani yake kinachotibu?

Mwaka 1815, yeye na mwenzake Vogel walitoa kwenye manjano kitu chenye rangi ya njano, wakakiita kurkumini. Hakikuwa safi. Umbile lake la kikemia lilikuja kuelezwa mwaka 1910.

Mwaka 1820, Pelletier na Joseph Caventou walipata kwinini kutoka gome la mkwinini, mti wa Amerika Kusini. Kabla ya hapo wagonjwa wa malaria walikunywa unga wa gome bila kujua nguvu yake, kwani gome moja lilikuwa kali na jingine hafifu. Kwinini safi iliweza kupimwa. Wawili hao hawakuificha njia yao, waliichapisha ili kila mtu aitumie. Mwaka 1827 walitunukiwa faranga 10,000. Pelletier alifariki mwaka 1842 akiwa na miaka 54.

Je, kurkumini nayo imekuwa dawa kama kwinini? Bado. Katika maabara hupunguza uvimbe, na hulinda seli zisiharibiwe na kemikali kali zinazozalishwa mwilini. Baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu kiasi kwa wenye maumivu ya magoti. Tatizo ni kwamba mwili hufyonza kidogo sana, na ini huivunja upesi. Pilipili manga husaidia ifyonzwe zaidi.

Kwa hiyo tuendelee kuiweka manjano kwenye chungu, lakini tusiache dawa za hospitali kwa ajili yake. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kumeza vidonge vya manjano, kwa sababu vinaweza kumsababishia kutokwa na damu. Pelletier mwenyewe alitufundisha kupima kwanza, ndipo tuamini.