Kivoi wa Kitui: Tajiri aliyejengwa na mshale

Bila shaka umeziona zile video za Wamarekani wakijaza risasi nyumbani. Mtu ako kwenye gereji yake, anaokota ganda lililotumika, anaweka fataki mpya, anapima baruti, anabana risasi juu. Hapa Kenya usijaribu. Bila leseni, hiyo ni kesi. Lakini usidhani mambo ya kujitengenezea silaha nyumbani yalianzia kwao. Hebu nikupeleke Kitui, kwa Kivoi wa Mwendwa.

Shuleni ulimkariri kwa jambo moja tu: alimwonyesha mzungu Mlima Kenya. Ukapata maksi, ukasahau. Swali ambalo hatukuulizwa ni hili: mali yake ilitoka wapi?

Kivoi alizaliwa mwishoni mwa karne ya 18. Kufikia wakati huo Wakamba wengi walikuwa wametoka milima ya Mbooni, Makueni ya leo, wakavuka Mto Athi wakaingia Kitui. Kitui unaijua bana. Mvua ikigoma, shamba halikulishi. Watu wakawinda, na Mombasa pembe ya ndovu ilileta nguo, shanga na waya wa shaba.

Sasa fikiria kumwangusha ndovu bila bunduki. Mhunzi alifua kichwa cha chuma. Mwindaji akachonga uti na kuufunga manyoya ya ndege. Sumu ilitoka kwa mti wa kivai, ambao Waswahili huuita msunguti, ikachemshwa hadi ikawa nyeusi na nzito kama lami. Kichwa kikazungushiwa ngozi laini ili sumu isikauke, na mwenyewe asijikwaruze nayo njiani. Mshale ukiingia, uti unaanguka, kichwa kinabaki ndani. Ukiharibu hatua moja, ndovu anaenda zake. Ama anakuja kwako.

Kivoi aliona mbali kuliko ndovu mmoja. Alikusanya pembe, akaongoza misafara mikubwa kupitia nyika hadi pwani, na upande wa pili akafanya biashara mpaka ng'ambo ya Mto Tana. Alijua njia, alijua watu, na watu walimjua.

Ndiyo maana Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai, alipofika Ukambani Novemba 1849 alienda kwake. Kivoi alimweleza kuhusu mlima wenye kilele cheupe. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, Krapf akauona kwa macho yake. Huko Ulaya wapo wasomi waliobisha kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji kubishana na yeyote. Alikuwa ameshaujua.

Mwaka wa 1851 Krapf akarudi, na mwezi wa Agosti wakatoka pamoja kuelekea Tana. Karibu na mto wakavamiwa na wanyang'anyi wenye pinde. Krapf alifyatua bunduki mara mbili, lakini hewani, kwa sababu hakutaka kumwaga damu ya mtu. Msafara ukatawanyika. Kivoi akauawa papo hapo. Mtu aliyepanda kwa mshale akamalizwa na watu wa mishale.

Krapf akabaki porini peke yake, kiu imemkaba. Alipoufikia mto akanywa, kisha akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake, na kwenye mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vipande vya suruali yake. Bunduki ya Ulaya ikawa kibuyu. Na hata hayo maji, nyingine zilimwagika vichaka vilipozichomoa zile nyasi. Aliporudi Kitui, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mzee wao. Ikabidi atoroke usiku ndipo afike Rabai.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakupa mhadhara. Lakini usimkumbuke Kivoi kama mtu wa kunyoosha kidole tu mlimani. Nyuma ya kila pembe aliyofikisha Mombasa kulikuwa na mhunzi, mchemshaji sumu na mwindaji ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Kama una nyanya ama guka huko Mwingi au Mbooni, muulize leo nani kwao alikuwa akifua vichwa vya mishale. Ukichelewa, hilo jina nalo linaenda.