Dokta Du Bois, Aliyepiga Hodi Nyumba kwa Nyumba

Muhula uliopita mwalimu wetu wa hisabati alitutuma sisi wa Kidato cha Nne kwenda kijiji kilicho nyuma ya shule, tukaulize kila nyumba hutumia ndoo ngapi za maji kwa siku. Katika nyumba ya tatu bibi mmoja alitukaribisha vizuri, akatupa mkeka, kisha akatuuliza majibu yale tunayapeleka wapi, na wao watayaona lini. Hatukuwa na la kumjibu. Mwalimu alipopata habari hiyo hakucheka. Alitusimulia maisha ya Dokta W. E. B. Du Bois, nami nimeona vema wasomaji wa gazeti letu nao wayasikie.

Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, Marekani, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi ile. Baba yake aliondoka nyumbani yeye angali mchanga, akalelewa na mama katika dhiki. Alisoma Fisk, kisha Harvard, akavuka bahari kwenda kusoma Berlin. Mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari Harvard. Mtu angedhani baada ya hapo milango yote ingemfungukia. Wapi!

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita Philadelphia kuchunguza hali ya watu weusi wa Kata ya Saba. Alipewa cheo kidogo cha usaidizi, wala hakupewa darasa la kufundisha. Tena wakubwa wa mji walikuwa wamekwisha kata shauri kwamba mji unaharibiwa na uhalifu wa watu weusi. Walilotaka ni hesabu za kuthibitisha. Du Bois alilijua hilo, lakini akaikubali kazi. Wakati ule aliamini kwamba dharau hutokana na ujinga, na kwamba watu wakionyeshwa ukweli wataacha.

Yeye na mkewe Nina walihamia katika kata ile ile, chumba kimoja juu ya mkahawa, penye kelele na ulevi. Kuanzia Agosti hadi Desemba alipiga hodi nyumba kwa nyumba, yeye mwenyewe, karatasi za maswali mkononi. Alizifikia jamaa zipatazo 2,500, jumla ya watu zaidi ya 9,000. Aliuliza umri, mahali pa kuzaliwa, kazi, mapato, kodi, idadi ya vyumba, na kama mtu anajua kusoma. Kwa wastani nyumba moja ilimchukua dakika 15 hadi 25, na nyingine saa nzima.

Usidhani wenyeji walimshangilia kwa kuwa ni mweusi mwenzao. Walikuwa wamechoka kuchunguzwa kama wadudu ndani ya chupa, na huyu alikuwa msomi wa Harvard mwenye glavu na fimbo. Jambo hilo lilimchoma, akakiri kwamba ni yeye aliyepaswa kujifunza kutoka kwao. Na katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1899, hakuficha udhaifu wa hesabu zake: alieleza kwamba wengine hawakuelewa swali, wengine walisahau, na wengine walidanganya kusudi. (Sisi katika ripoti yetu ya ndoo tulifuta nyumba mbili zilizotuharibia wastani. Nayasema haya kwa aibu.)

Hesabu zilisema nini? Kwamba waliozaliwa katika mji ule hawakufika hata theluthi ya watu wa kata. Wengi walikuwa wageni waliotoka Kusini. Kwamba mtu mweusi alifungiwa kazi nzuri hata akiwa na ufundi, na alilipa kodi kubwa kwa nyumba mbovu. Uhalifu ulikuwapo, naye hakuukana. Ila alionyesha kwamba ulikuwa na sababu, na kwamba wahalifu ni sehemu ndogo tu ya watu. Akachora ramani ya kata, kila nyumba kwa rangi ya hali yake.

Baadaye alifundisha Atlanta. Kwa maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, yeye na wanafunzi wake walichora kwa mikono picha za hesabu zenye rangi kali, wakapata medali ya dhahabu. Lakini mwaka 1899 mtu mmoja mweusi, Sam Hose, aliuawa kikatili na kundi la watu huko Georgia, na Du Bois akaona kwamba takwimu peke yake hazimzuii mwenye kamba mkononi. Mwaka 1906 alichunguza maelfu ya jamaa katika wilaya ya Lowndes, Alabama, kwa niaba ya serikali. Taarifa ile haikuchapishwa, iliharibiwa. Mimi naona hilo lilimuumiza kuliko baridi yote ya Philadelphia, maana wale watu walimjibu maswali yake, na majibu yao yakapotea.

Mwaka 1910 aliacha ualimu akaanzisha gazeti la The Crisis. Mwaka 1945 alikuwa Manchester katika mkutano wa Waafrika, pamoja na Nkrumah na Kenyatta. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 93, alihamia Ghana kwa mwaliko wa Nkrumah ili aandae ensaiklopidia ya Afrika. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti 1963, kazi ile haijamalizika, akazikwa huko huko.

Sisi tumepanga kurudi kijijini Jumamosi ijayo, na zile nyumba mbili tumezirudisha katika hesabu.