Vladimir Ipatieff

Vladimir Nikolaevich Ipatieff (Moscow, 21 Novemba 1867 – Chicago, 29 Novemba 1952) alikuwa mwanakemia na jenerali wa jeshi kutoka Urusi aliyehamia Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa matumizi ya vichocheo katika kusafisha mafuta ya petroli.

## Maisha

Alisoma katika Chuo cha Mizinga cha Mikhailovskaya mjini Sankt Peterburg, kisha akafanya utafiti mjini München chini ya Adolf von Baeyer. Mwaka 1916 akawa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi ya Urusi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliongoza kazi ya kuzalisha kemikali kwa ajili ya jeshi. Mwanawe Dmitry alifariki katika vita hiyo.

Mdogo wake, mhandisi Nikolai, alikuwa mwenye nyumba ya Yekaterinburg ambamo Tsar Nikolai II na familia yake waliuawa mwaka 1918. Hata hivyo Vladimir alibaki nchini akasimamia viwanda vya kemikali chini ya Wabolsheviki, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Lenin.

Wenzake walipoanza kukamatwa, alihofia maisha yake. Mwaka 1930 alikwenda Berlin na mke wake Varvara kuhudhuria mkutano, wasirudi tena. Mwaka 1936 alifukuzwa katika Akademia, na mwanawe Vladimir, mwanakemia aliyebaki nyumbani, alimkana hadharani. Hilo halikumwokoa: naye alikamatwa. Uanachama wa baba ulirudishwa mwaka 1990, miaka 38 baada ya kifo chake.

## Kazi

Mnamo 1900 aligundua kwamba alkoholi inayopitishwa katika bomba la chuma lenye joto kali huvunjika tofauti na katika bomba la kioo, kwa sababu chuma chenyewe ni kichocheo. Baadaye alibuni chombo cha kufanyia mimenyuko kwenye shinikizo kubwa.

Huko Chicago alifanya kazi katika kampuni ya Universal Oil Products na kufundisha Chuo Kikuu cha Northwestern. Alitengeneza kichocheo kigumu cha asidi ya fosforiki, kinachounganisha molekuli ndogo za gesi kuwa petroli. Pamoja na Herman Pines alivumbua njia ya kupata petroli bora ya ndege.

## Urithi

Kwa kichocheo hicho, molekuli nne za propileni ziliunganishwa, kisha zikafungwa kwenye benzeni ili kupata malighafi ya sabuni ya unga. Lakini minyororo yake yenye matawi haikuozeshwa kwa urahisi na bakteria, na mito ikajaa povu. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vingi vilihamia minyororo iliyonyooka. Leo zeoliti, madini yenye vitundu vidogo sana, zimechukua nafasi ya asidi katika viwanda vingi vinavyounganisha hidrokaboni na benzeni.