Lewis Latimer, Mtoto wa Watoro Aliyefunga Taa

 

Desemba iliyopita mwenye nyumba wetu hapa Boston aliamua kufunga swichi janja ya taa ya nje, barazani. Wanaokaa huku wanajua: saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, ngazi zina barafu, na sisi tunarudi usiku kutoka kazini. Akaleta fundi umeme, mimi nikapewa kazi ya kushika tochi. Fundi alizima umeme kwenye meni swichi, akafungua kisanduku cha ukutani, akaguna. Nyumba ni ya zamani, waya wa nyutro haukuwepo. Swichi ile bila nyutro haifanyi kazi, maana ndani yake mna kiredio kidogo cha kuwasiliana na simu, na kinataka umeme hata taa ikiwa imezimwa. Ikabidi avute waya mpya, halafu afunge kisanduku cha nje chenye mfuniko usiopitisha maji. Nusu siku ikaisha. Usiku nikabonyeza simu nikiwa ndani ya basi, nikafika nikakuta taa inanisubiri.

Basi nikajiuliza: zile taa za mwanzo kabisa, nani alikuwa anazifunga? Kumbe mmoja wao alizaliwa hapa hapa Chelsea, ng'ambo ya mto tu kutoka Boston, tarehe 4 Septemba 1848. Jina lake Lewis Howard Latimer.

Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa watumwa Virginia. Mwaka 1842 walitoroka wakafika Boston, lakini George akatambuliwa na kutiwa ndani. Mji ukachafuka. Watu walifanya mikutano, na Frederick Douglass alikuwa miongoni mwa waliompigania. Mwishowe dola 400 zikatolewa, akanunuliwa uhuru wake. Mwaka 1843 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuwazuia maofisa wake kusaidia kukamata watoro. Yaani kabla Lewis hajazaliwa, jina la Latimer lilikuwa limeshabadilisha sheria.

Lakini jina halijazi tumbo. Baba aliondoka nyumbani Lewis akiwa bado mtoto, na shule ikakatika mapema. Mwaka 1864, akiwa na miaka 16, alijiunga na jeshi la majini la Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alipotoka mwaka 1865 alipata kazi ya utarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza Boston, mshahara dola 3 kwa wiki. Humo walikuwamo wachoraji wa michoro ya mashine. Latimer akawa anawaangalia wanavyoshika kalamu na rula, akanunua vifaa vya mtumba, akajifunza usiku nyumbani. Siku moja akaomba kujaribu. Baada ya miaka michache ndiye aliyekuwa mkuu wa wachoraji, kwa dola 20 kwa wiki. Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipoomba hataza ya simu, Latimer alisaidia kuandaa michoro.

Sasa hapa tuwe wakweli. Kila Februari, Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, utasikia chuoni kwamba Latimer ndiye aliyevumbua balbu. Hapana jamani. Thomas Edison aliionyesha yake mwaka 1879, na Joseph Swan wa Uingereza alikuwa na yake. Tatizo lilikuwa ule uzi wa kaboni unaong'aa ndani: ulijipinda na kuvunjika wakati wa kuchomwa. Latimer, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Hiram Maxim, alibuni njia ya kuuchoma ukiwa ndani ya bahasha za kadibodi ili usijipinde. Hataza yake ilitolewa Januari 1882. Ukweli huu unatosha, hauhitaji chumvi.

Tena hakukaa ofisini tu. Alisimamia ufungaji wa taa New York, Philadelphia na Montreal. Kule Montreal mafundi walisema Kifaransa, akajifunza ili aweze kuwaelekeza. Kisha akapelekwa London kuanzisha kazi ya kutengeneza balbu. Mwaka 1884 akaenda kwa Edison, akawa mtaalamu wake katika kesi za hataza, na mwaka 1890 akatoa kitabu kuhusu taa za umeme.

Kinachonigusa zaidi ni cha uzeeni. Kuanzia mwaka 1906 alifundisha wahamiaji wa New York Kiingereza na uchoraji wa mashine. Watu waliofika kama sisi, ulimi mzito na mfuko mtupu. Alifariki tarehe 11 Desemba 1928 huko Flushing, Queens, na nyumba yake leo ni makumbusho. Ukipita New York, nenda.

Wengi wetu huku tunaanza na kazi ambazo nyumbani hatuwaelezi. Kushika tochi, kuosha vyombo, kubeba barua. Sawa, si aibu. Ila macho yawe wazi, maana Latimer hakupewa darasa, aliliiba kwa kutazama. Na ukishajua, mfundishe anayeshuka kwenye ndege kesho.

Masomo mema, na tuwashiane taa.