William Harvey na Safari ya Damu

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wahenga wetu waliwatungia methali hii mabaharia wa jahazi, lakini mimi nikiisikia huifikiria damu. Damu nayo hutoka moyoni, huenda hadi ncha za vidole vya miguu, kisha hurejea pale pale ilikoanzia. Wasomaji wapenzi wa jarida letu, leo jambo hili hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini yuko mtu aliyelithibitisha, na kwa kulithibitisha akakimbiwa na wagonjwa na kuitwa mwendawazimu. Jina lake ni William Harvey. Hebu nifuateni niwasimulie maisha yake.

Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 katika mji wa Folkestone, ulio pwani ya Kent huko Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba iliyojaa watoto. Ndugu zake kadhaa walishika biashara mjini London wakatajirika, lakini yeye alishika vitabu. Mwaka wa 1593 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge akiwa na umri wa miaka 15, yaani alikuwa mdogo kuliko mimi ninayeandika haya! Baadaye alivuka bahari akaenda Padua, Italia, ambako kulikuwa na chuo kilichosifika kuliko vyote kwa masomo ya udaktari. Alihitimu mwaka wa 1602.

Huko Padua mwalimu wake aliitwa Fabricius. Mzee huyu alikuwa amevichunguza vijilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, ambavyo sisi tunaviita vali. Aliviona kwa macho yake, akavichora vizuri sana. Lakini kazi yake vijilango hivyo hakuijua. Alidhani viko pale kuizuia damu isiteremke yote miguuni kwa mkupuo mmoja. Harvey alirudi kwao na fumbo hilo kichwani.

Ni vizuri mjue kwamba siku zile madaktari wote wa Ulaya walimfuata Galen, tabibu Mgiriki aliyekuwa amekufa yapata miaka 1400 kabla. Galen alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, damu hiyo ikaenda mwilini ikanywewa na viungo kama vile shamba linyweavyo maji ya mvua, kisha ini likatengeneza nyingine. Kulikuwa na aliyekosoa sehemu ya mafundisho hayo mapema. Ibn al-Nafis, tabibu wa Cairo katika karne ya 13, aliandika kwamba damu hupitia mapafuni ili ifike upande wa kushoto wa moyo. Lakini mambo ya Galen kwa jumla yalibaki kama sheria, na mwanafunzi aliyeyapinga alijitafutia balaa.

Mwaka wa 1604 Harvey alimwoa Elizabeth Browne, binti wa daktari. Hawakujaliwa kupata mtoto. Mwaka wa 1609 akawa daktari wa Hospitali ya St Bartholomew mjini London, iliyowatibu maskini. Baridi ya London wakati huo haikuwa mchezo. Mwaka mmoja tu kabla, yaani 1608, mto Thames uliganda hata watu wakatembea juu ya barafu na kupanga vibanda vya biashara humo humo mtoni!

Baada ya kazi, Harvey alipasua na kuchunguza. Alitazama mioyo ya mbwa, nyoka, vyura na samaki. Aliwapenda hasa wanyama wa damu baridi kwa sababu mioyo yao hupiga polepole, mtu akapata nafasi ya kuona. Siku moja moyo wa njiwa ulikuwa umesimama kabisa. Akakilowesha kidole chake kwa mate yenye uvuguvugu, akakiweka juu ya moyo ule kwa muda. Kumbe! Moyo ukaanza kupiga tena.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji kisu. Harvey alimfunga mtu kitambaa mkononi juu ya kiwiko. Alipokikaza sana, mapigo ya kiganjani yalipotea, na baada ya muda kiganja kikawa baridi. Alipokilegeza kidogo, damu iliingia kwa kishindo, mkono ukawa mwekundu na vena zikavimba, huku vijilango vikionekana kama vifundo vya muwa. Hapo akaweka kidole juu ya vena moja na kwa kidole kingine akaisukuma damu. Kuelekea juu, upande wa moyo, damu ilikwenda bila taabu. Kuirudisha chini kupita kijilango, haikukubali ng'o! Fumbo la Padua likafumbuka. Vijilango ni milango ifungukayo upande mmoja tu, na njia hiyo ni ya kurudi nyumbani moyoni.

Kisha akapiga hesabu. Tuseme moyo husukuma wakia nusu tu kwa kila pigo, yaani kama gramu 14. Katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1000. Hizo ni zaidi ya kilo 14 za damu! Ni mtu gani awezaye kula chakula cha kutengeneza damu kiasi hicho kila nusu saa? Hayupo. Basi damu ni ile ile, inazunguka. Siku hizi tunajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 kwa dakika, na mwilini mote mna kama lita 5 za damu.

Hapa naomba niingize habari ya kwetu Limuru. Mwezi wa Julai huku ni baridi na ukungu, na mama yangu huchuma majani chai tangu alfajiri. Yeye hulipwa kwa kilo. Vidole vikifa ganzi, kilo hupungua, na pesa ya chakula changu cha mchana shuleni hupungua pia. Kwa kuwa mimi nasoma shule ya kutwa, jioni huwa nyumbani, na kazi ya kumchua mikono ni yangu. Nyanya ndiye aliyenifunza. Husema nipashe mafuta moto kidogo, nianze vidoleni nipande hadi kiwikoni, kamwe nisiteremke kwa nguvu. Nikimwuliza kwa nini, hujibu ati ndivyo mama yake alivyomfunza. Jirani mmoja hutucheka, husema tunapoteza mafuta ya kupikia bure. Mimi nilipoisoma habari ya kidole cha Harvey nilipata jibu la kumpa huyo jirani.

Jibu lenyewe ndilo hili. Mwili ukipata baridi, mishipa midogo ya ngozi husinyaa ili joto libaki ndani, karibu na moyo na viungo vingine vikuu. Damu haifiki vidoleni kwa wingi, na kwa kuwa damu ndiyo ibebayo joto, vidole hupoa na kufa ganzi. Ukimchua mtu kwenye chumba chenye joto, ngozi hupata damu zaidi, ndiyo maana hubadilika rangi na kupata moto. Na ukisukuma kuelekea moyoni unaifuata njia ambayo vijilango vinairuhusu. Nyanya hakuwahi kumsikia Harvey, lakini mikono yake ilijua.

Hata hivyo tusitie chumvi. Kuchua husaidia kwa kiasi na kwa muda. Kutembea na kuikunja misuli husukuma damu ya vena zaidi. Tena mguu mmoja ukivimba, ukawa na moto na kuuma, usiuchue hata kidogo, kwani huenda pana bonge la damu ambalo likichomoka litakwenda kuziba mapafu. Mpeleke mtu hospitali. Na katika nchi za theluji, kidole kilichoganda hakisuguliwi, maana nyama zake huumia.

Harvey alikitoa kitabu chake mwaka wa 1628 katika mji wa Frankfurt, kwa Kilatini. Kilikuwa kijitabu cha kurasa 72 tu. Kabla yake alikuwa amefundisha na kuchunguza kwa zaidi ya miaka kumi, maana hakuwa mtu wa pupa. Malipo yake yakawa nini? Watu walisema amerukwa na akili. Wagonjwa wakapungua. Jean Riolan, daktari mkubwa wa Paris, akampinga, na Harvey akamjibu kwa maandishi mwaka wa 1649.

Wakati huo wote alikuwa pia daktari wa Mfalme Charles wa Kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1642, aliondoka London pamoja na mfalme. Nyuma yake askari walivamia nyumba yake na kuyaharibu maandishi yake, yakiwemo ya uchunguzi wa wadudu wa miaka mingi. Hasara hiyo ilimuuma kuliko zote.

Uzeeni alisumbuliwa na jongo miguuni. Rafiki yake, John Aubrey, aliacha maelezo kwamba katika majira ya baridi mzee alikuwa akikaa juu ya paa, miguu wazi kwenye jalidi, akiitumbukiza katika ndoo ya maji hadi karibu afe kwa baridi, kisha akakimbilia moto wa jiko, na maumivu yakaisha. Jamani, msimwige! Hata hivyo, mtu huyo aliishi akiuchunguza hata mwili wake mwenyewe.

Alifariki tarehe 3 Juni 1657, akiwa na miaka 79, akazikwa Hempstead, Essex. Jambo moja lilikuwa limemshinda. Hakuweza kuona damu inavyovuka kutoka ateri kuingia vena. Miaka minne baadaye, 1661, Mwitaliano Marcello Malpighi aliziona kapilari kwenye mapafu ya chura kwa kutumia hadubini. Pengo likazibwa.

Wenzangu wa chama cha Kiswahili, funzo ninalolipata ni hili. Kitabu cha Galen kilikuwa kikubwa, na kidole cha Harvey kilikuwa kidogo, lakini kidole ndicho kilichogusa ukweli. Tuviheshimu vitabu na tuwaheshimu wazee, kisha tuulize kwa nini, tupime na kuhesabu. Pengine tutagundua kitabu kimekosea. Na pengine, kama ilivyonitokea mimi, tutagundua kwamba nyanya alikuwa sahihi siku zote.